Somo: Jogoo mkali mwenye kupiga watu

Wewe mwenye kuku, soma somo hili vema. Katika miji mingi mtu ana kuku kumi au kumi na watano wanaotembea nyuma ya nyumba, na jogoo mmoja au wawili kati yao. Siku moja jogoo anaanza kurukia miguu ya watu. Watu wanacheka. Watoto wanamchokoza ili aruke tena. Mwezi ukiisha kupita, hakuna anayecheka: mama anapita njia nyingine kwenda mtoni, wageni wanaogopa kupiga hodi, na mtoto mdogo ana kidonda. Somo hili linafundisha namna ya kuzuia jambo hili, na namna ya kufanya likiisha kuanza.

1. Kosa langu mwenyewe

Mimi ni moniteri wa kilimo, kazi yangu ni kufundisha watu, lakini nami nilikosa. Niliweka mayai ya kuku wekundu wa ukoo wa Rhode Island chini ya kuku wa kwetu. Vifaranga walipotoka, siafu waliingia usiku wakawaua pamoja na mama yao. Mmoja tu akapona. Nikamlea ndani ya nyumba, akala mkononi mwangu, akalala ndani ya kitunga karibu na moto. Alikuwa dume. Alipoanza kunidonoa vidole, nilicheka, nikasema: «Huyu ana nguvu.»

Alipopata miezi sita alikuwa mkubwa sana, na mkali sana. Siku moja mtoto wa dada yangu, mwenye miaka mitatu, alitoka na kipande cha muhogo mkononi. Jogoo akamrukia usoni, akampasua chini ya jicho. Kati ya kidonda na jicho ulikuwa upana wa kidole kimoja tu. Dada yangu akaniambia: «Kaka, unafundisha mji mzima, na kwako mtoto anapasuliwa uso na kuku.» Sikuwa na neno la kujibu. Ndiyo sababu naandika somo hili.

2. Sababu za ukali

Jogoo hana roho mbaya kama mtu. Kazi yake ni kulinda majike na kufukuza madume wengine. Akiisha kukomaa, tangu mwezi wa tano hivi, damu yake inamsukuma kupigana. Lakini kuna mambo yanayomfanya apigane na watu:

Alilelewa peke yake mkononi. Kifaranga wa namna hii haogopi mtu. Akikua anamhesabu mtu kuwa jogoo mwenziwe.

Watoto wanamchokoza kwa fimbo na mawe.

Madume ni wengi na majike ni wachache. Jogoo mmoja anatosha majike nane mpaka kumi na wawili.

Watu wanamkimbia. Kila mara unapokimbia, anajifunza kwamba ameshinda.

Ni ukoo wake. Jogoo mkali huzaa watoto wakali mara nyingi.

3. Alama za kwanza

Kabla ya kuruka, jogoo anaonyesha nia yake. Anashusha bawa moja na kucheza kwa upande. Anasimamisha manyoya ya shingo. Anadonoa chini kama anayekula, kumbe hali kitu, jicho lake liko kwako. Au anakufuata nyuma kimya ukimpa mgongo. Ukiona alama hizi, anza kazi siku ile ile.

4. Namna ya kufanya

Kwanza, usikimbie, wala usimpige teke. Ukimpiga, anafikiri umekubali vita, na kesho atarudi. Simama imara umtazame. Shika kitunga au ungo mbele ya miguu yako, aruke juu ya kitunga na asikupate. Akichoka, mwendee polepole mpaka yeye mwenyewe aondoke. Usigeuke kabla hajaondoka.

Pili, ukileta chakula, tupa mahindi mbali kidogo kabla hujaingia kati yao. Jogoo mwema atawaita majike waje kula, na kazi hiyo itamshughulisha.

Tatu, mkamate jioni akiisha kupanda kulala, maana gizani kuku haoni vizuri. Mchukue chini ya kwapa, mabawa yakibanwa vema, utembee naye kidogo, kisha umweke chini taratibu. Fanya hivyo siku nyingi. Usimning'inize miguu juu, wala usimtese. Mateso hayafundishi kuku kitu.

Nne, watoto wadogo wasiingie walipo kuku. Kama huna lupango lenye ua, mfungie jogoo katika kizimba cha miti chenye kivuli na maji, mpaka uone kama anatulia.

5. Miba ya miguu

Silaha kubwa ya jogoo ni kipi, ule mwiba ulio nyuma ya mguu. Ndani ya kipi kuna mfupa na damu, kwa hiyo usikate kipi chote. Mtu mmoja amshike jogoo ndani ya kitambaa, wa pili asugue ncha tu kwa tupa mpaka iwe butu. Kama damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi mpaka ikome. Kazi hii haiondoi ukali, lakini inapunguza vidonda.

6. Kama haachi

Jaribu majuma mawili au matatu. Kama bado anaruka, mchinje. Nyama yake ni nzuri, ipike moto mdogo kwa muda mrefu.

Wengine wanaogopa wakisema: «Tukimchinja jogoo, majike hawatataga tena.» Si kweli. Jike anataga bila jogoo, ila mayai yale hayatoi vifaranga. Ni mazuri ya kula na ya kuuza, tena hayaharibiki upesi.

Jogoo wangu sikuweza kumtuliza. Mtu wa mji wa jirani alitaka kumnunua kwa bei nzuri, kwa sababu ya ukubwa wake. Nikamwuliza: «Ndugu, una watoto?» Akajibu: «Ninao wanne.» Nikamwambia habari yote, nikamkatalia, nikamchinja jogoo siku ile. Wala mayai yake sikuyaatamisha. Kumwuzia jirani jogoo mkali kwa kunyamaza ni sawa na kumwuzia kidonda cha mtoto wake.

7. Mtu akiumizwa

Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi yaliyochemka na kupoa. Usitie mavi ya ng'ombe, wala udongo, wala majivu. Mguu wa kuku unakanyaga uchafu wote, na katika uchafu hukaa mbegu ya pepopunda, ugonjwa unaoua. Basi nenda kwa mganga wa dispensari akuchome sindano. Kama jicho limeguswa, usilisugue na usitie maji ya majani. Lifunike kwa kitambaa safi bila kulibana, uende siku hiyo hiyo, hata kama ni mbali.

8. Kuchagua jogoo wa kesho

Katika vifaranga ishirini, kumi hivi watakuwa madume. Usiwaweke wote. Wakipata miezi mitatu au minne, watazame. Chagua wawili wenye miguu minyofu, macho safi na kifua kipana, wanaowaita majike kwenye chakula na kuondoka mtu akipita. Wengine uza au kula kabla hawajaanza kupigana. Baadaye bakiza mmoja aliye mtulivu. Vifaranga waache walelewe na mama yao pamoja na wenzao. Ukipata yatima, mtie usiku chini ya kuku mwingine mwenye vifaranga vya umri ule ule.

Wazee wanasema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jogoo pia ni hivyo.

Maulizo

1. Jogoo mmoja anatosha majike wangapi?
2. Kwa nini kifaranga asilelewe peke yake mkononi?
3. Taja alama tatu za jogoo anayetaka kuruka.
4. Ukimpiga jogoo teke, atafikiri nini?
5. Je, jike anataga bila jogoo? Mayai hayo yanafaa nini?
6. Mtoto amepasuliwa na kipi karibu na jicho. Utafanya nini kwanza, na nini baadaye?
7. Tazama jogoo wako leo jioni. Je, ungemwacha mtoto wa miaka mitatu apite mbele yake?