Maswali Anayofundishwa Daktari Kabla ya Kukuandikia Opioidi

Mgonjwa aliyeumwa mgongo kwa miaka miwili humwendea daktari akitarajia dawa, badala yake hukutana na maswali. Je, umewahi kuwa na tatizo la pombe? Katika ukoo wenu yuko aliyetawaliwa na dawa za kulevya? Nyumbani unaishi na nani? Wengi huyapokea maswali hayo kama tuhuma. Katika somo hili tunaeleza yalikotoka nchini Marekani, kwa maana anayejua daktari wake amefundishwa nini huyajibu bila kinyongo, na huweza pia kumdai daktari yale asiyoyatimiza.

Opioidi ni dawa zenye asili ya afyuni au zilizotengenezwa kwa mfano wake: mofini, oksikodoni, haidrokodoni, fentanili, methadoni. Hutuliza maumivu, lakini pia hupunguza kasi ya kupumua, na anayezidisha kipimo hufa kwa kukosa pumzi huku walio karibu wakidhani amelala. Katika miaka ya 1990 dawa ya OxyContin, iliyoidhinishwa mwaka 1995, ilipigiwa debe kwa madaktari kuwa inafaa kwa maumivu sugu, yaani yale yanayodumu zaidi ya miezi 3.

Moja ya hoja zilizotumika wakati huo ilitokana na barua ya aya moja. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua iliyosema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizi hospitalini, ni 4 tu waliothibitika kupata uraibu. Haikusema lolote juu ya mtu anayemeza vidonge nyumbani kwake miezi na miaka. Hata hivyo iliendelea kunukuliwa. Uchunguzi uliotolewa katika jarida hilohilo mwaka 2017 ulihesabu rejea 608, na takriban nne kati ya kila tano hazikutaja kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Mwaka 2007 kampuni iliyohusika na OxyContin ilikiri mahakamani kwamba dawa hiyo ilinadiwa kwa kupotosha kuhusu hatari ya uraibu.

Kwa hiyo mafunzo ya sasa hufundisha, na hufuta pia yaliyofundishwa vibaya. Mwaka 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwataka watengenezaji wa opioidi za muda mrefu wagharimie mafunzo ya madaktari. Mwaka 2018 agizo hilo likapanuliwa kwa opioidi za muda mfupi zinazotumika nje ya hospitali, na wauguzi na wafamasia wakajumuishwa. Fedha hutoka viwandani, ila masomo huandaliwa na taasisi za elimu ya tiba kwa kufuata muhtasari wa FDA. Kasoro yake, kwa maoni yetu, ni kwamba mpango huo haumlazimishi daktari kuhudhuria. Lazima iliyopo ni nyingine: tangu Juni 2023, tabibu anayeomba au kuhuisha kibali cha serikali kuu cha kuandika dawa zinazodhibitiwa hana budi kuthibitisha kwamba amepata saa 8 za mafunzo kuhusu uraibu na matibabu yake, mara moja tu. Saa 8 si nyingi.

Daktari hufundishwa kwamba kwa maumivu sugu opioidi si dawa ya kuanzia. Utafiti wa mwaka 2018 uliwafuatilia kwa miezi 12 wagonjwa 240 wenye maumivu ya mgongo, nyonga au goti. Waliopewa opioidi hawakumudu shughuli zao vizuri kuliko waliopewa dawa nyingine, na maumivu yao yalizidi kidogo. Basi daktari akikupendekezea kwanza mazoezi ya viungo, usidhani anakupuuza.

Akiamua kukuandikia, yampasa aanze na kipimo kidogo cha dawa ya muda mfupi, na akague kumbukumbu za jimbo zinazoonyesha dawa zinazodhibitiwa ulizochukua kwingine. Atakuuliza pia kama unatumia pombe, dawa za usingizi au za kutuliza wasiwasi, kwa sababu zikikutana na opioidi pumzi hudhoofika zaidi. Kisha mkubaliane lengo linalopimika, kama vile kupanda ngazi za nyumba yako bila kusimama. Una haki ya kuuliza: tutapima lini, na isipofaa tutaiachaje?

Swali la kuacha lina uzito wake. Mwaka 2016 kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa (CDC) kilitoa mwongozo uliowatahadharisha madaktari juu ya vipimo vikubwa. Wapo walioufanya amri, wakawakatia wagonjwa dawa ghafla. Mwili uliozoea opioidi ukinyimwa ghafla huingia katika mateso ambayo mitaani Dar es Salaam na Mombasa huitwa arosto: jasho, kuharisha, kukosa usingizi, maumivu kurudi kwa nguvu. Mwaka 2019 FDA ilionya kwamba ukatishaji huo umeleta madhara makubwa, hata watu kujiua, na mwongozo mpya wa mwaka 2022 ukasisitiza kupunguza dawa polepole. Mwili kuzoea dawa si uraibu. Mraibu huendelea kuitafuta hata inapomharibia maisha. Ukiambiwa dawa yako inakoma leo, omba mpango wa kuipunguza kwa maandishi, au umwone daktari mwingine kabla haijakwisha.

Usiyemudu Kiingereza, omba mkalimani; hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu hupaswa kumtoa bila malipo. Usimtumie mwanao, kwa kuwa ni mzazi gani atakayesema ukweli kuhusu pombe mbele ya mtoto wake?

Nyumbani, fungia vidonge kwa ufunguo, na vile vya muda mrefu usivisage wala kuvitafuna, kwani dawa ya saa 12 itaingia mwilini kwa mkupuo. Weka pia naloksoni ya kupulizia puani, ambayo tangu mwaka 2023 huuzwa bila cheti cha daktari. Waonyeshe unaoishi nao jinsi ya kuitumia, kwa maana aliyezidiwa hawezi kujipulizia mwenyewe. Baada ya kuipuliza wapige simu 911 hata kama mgonjwa ameamka, kwa sababu nguvu ya naloksoni huweza kwisha kabla ya ile ya opioidi.