Tumsubiri dada yetu mmisionari ndipo tuzike?

SWALI: Baba yetu ameaga dunia hapa Ipuli, Tabora. Dada yetu ni mtawa mmisionari ng'ambo na bado hajapata tiketi. Wazee wanataka tuzike kesho. Tufanyeje?

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Kwanza mpigieni simu mkuu wa shirika lake, maana ruhusa na nauli hutoka huko. Ulizeni atatua Dar es Salaam lini, kisha ongezeni safari ya kuja Tabora. Mkipata tarehe ya uhakika, waombeni wazee wasubiri siku mbili tatu, mwili ukiwa mochwari. Mkiikosa, zikeni bila kinyongo.

Mmisionari Livingstone, aliyekaa Kwihara, jirani na kwenu, mwaka 1872, alipitia yote mawili, kuchelewa na kuwahi. Baba yake alifariki Februari 1856 yeye akiwa Afrika. Habari zilimkuta Cairo akirudi, akafika Uingereza Desemba. Mama yake alipofariki Juni 1865 alikuwa Uingereza, akawahi maziko.

Dada akichelewa, asilaumiwe, maana ni utume uliomweka mbali. Siku ya kuanua tanga isogezeni hadi afike. Mpelekeni kaburini siku hiyohiyo, atie udongo kwa mkono wake mwenyewe, kisha aketi mkekani na shangazi zake asimuliwe siku za mwisho za baba. Akitaka kulia, mwacheni alie. Ninyi mlishalia, yeye ndiyo kwanza anaanza.