KOVU LA SHINGONI BAADA YA UPASUAJI

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, yaani kovu la shingoni. Wapo waliopasuliwa rovu, wapo waliotolewa uvimbe wa mafuta, na siku hizi wapo wanaopasuliwa ili ngozi iliyolegea ikazwe. Shida ya kwanza imekwisha, lakini alama imebaki mahali ambapo kila mtu anaiona.

Mama mmoja alikuja hospitalini kwetu miezi minne baada ya kutolewa rovu. Jua lilikuwa kali, naye amejifunga kitambaa shingoni. Alikuwa ameacha hata kuimba kwaya. Akasema, "Sista, nikatieni hili kovu, nimechoka kuulizwa." Daktari hakulikata. Tuone kwa nini.

KOVU LINAVYOKOMAA

Ngozi ikikatwa, mwili huiunga kwa nyuzinyuzi mpya. Katika miezi ya kwanza kovu huweza kunyanyuka, kuwa gumu, kuwasha na kubadilika rangi. Baadaye hulainika polepole. Kazi hiyo huchukua mwaka mzima, na pengine hata miezi 18. Kulikata kovu mapema ni sawa na kuepua chungu kabla chakula hakijaiva.

AINA ZA KOVU BAYA

1. Kovu nene. Limenyanyuka, lakini halivuki mipaka ya jeraha lenyewe. Mara nyingi hupungua kadiri miezi inavyopita.

2. Keloidi. Hili huvuka mipaka ya jeraha na kuendelea kukua, hata miezi mingi baada ya kidonda kupona. Haliondoki lenyewe. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa vijana, na hufuata ukoo. Si uchawi, wala si kansa.

3. Kovu linalonata. Ngozi imeshikana na nyama ya chini, hivyo mtu akimeza kovu huvutwa juu. Wengine huwa na mabonde na vinundu chini ya ngozi, hasa kama damu ilijikusanya humo baada ya upasuaji.

MATUNZO YA NYUMBANI

Anza baada ya kidonda kufunga kabisa na nyuzi kutolewa, kwa kawaida wiki ya tatu hivi.

(a) Paka vaselini kidogo, kisha kanda kovu kwa ncha za vidole, taratibu, ukizungusha, dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku. Hii husaidia ngozi inayonata kuachia.

(b) Likinge na jua kwa kanga au kitambaa chepesi, kwa maana jua hulifanya liwe jeusi zaidi.

(c) Usivae mkufu unaosugua kovu, wala usilikune.

(d) Katika maduka makubwa ya dawa hupatikana kipande laini cha silikoni cha kubandika. Kibandike saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi miwili au mitatu angalau. Kioshe kwa sabuni na maji kila siku, kisha ukitumie tena.

MAMBO YA KUEPUKA

Usipake maji ya betri, majivu, wala dawa usiyoijua. Ngozi ikiungua, kovu jipya hujengeka juu ya lile la zamani. Usitumie krimu za kujichubua. Baadhi yake zina zebaki inayodhuru figo, na nyingine hufanya ngozi iwe nyembamba. Tena usikubali keloidi ikatwe na mtu wa mitaani. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, na pengine kubwa kuliko ya kwanza.

TIBA YA HOSPITALI

Kwa keloidi na kovu nene, daktari huweza kuchoma ndani ya kovu sindano ya triamsinoloni, kila baada ya wiki nne hadi sita, mara kadhaa. Sindano hii hupunguza uvimbe na kuwasha, lakini huweza kuacha ngozi nyeupe au yenye bonde. Mwenye mimba au kisukari aseme mapema.

Ikilazimu kukata, upasuaji huambatana na sindano hizo. Mahali pengine hutumika mionzi, ila kwa shingo daktari hupima sana, maana tezi ya shingo iko karibu, hasa kwa vijana. Kovu linalonata huweza kufunguliwa na kushonwa upya likishakomaa.

USINGOJE

Kimbilia hospitali kama shingo inavimba ghafla baada ya upasuaji au unapumua kwa shida. Nenda mapema pia kama kuna usaha, homa, au uvimbe unaozidi kukua chini ya kovu.

Yule mama kovu lake lilikuwa nene tu, si keloidi. Alilikanda kila asubuhi na jioni. Mwaka ulipotimia lilikuwa limelala. Mstari bado upo, lakini kitambaa amekiacha nyumbani na kwaya amerudi.

Wazazi, kama katika ukoo wenu kuna keloidi, mwambieni daktari kabla mtoto hajapasuliwa au kutogwa masikio. Neno hilo moja kabla ya kisu lina faida kuliko sindano nyingi baadaye.