Kokwa za tende si mbadala wa vidonge

SWALI: Daktari, mama yangu ana kisukari. Jirani alimletea unga wa kokwa za tende akamwambia unasafisha damu na kushusha sukari. Tangu hapo haitupi hata kokwa moja: anazikaanga, anazitwanga, anakunywa asubuhi na jioni. Juzi kaniambia vidonge havitaki tena. Je, kokwa ni dawa kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Nianze na lililo zito: mama arudie vidonge vyake leo, kwa kipimo kile kile alichoandikiwa. Asimeze viwili viwili kufidia alivyoviruka. Kisha nenda naye kliniki akapimwe sukari.

Sasa tuje kwenye kokwa. Jirani hakubuni kila kitu. Chukua mfano huu: kata biringanya uiache mezani. Baada ya muda mfupi inageuka rangi. Ukiipaka ndimu, inakawia. Hewa ndiyo inayoibadilisha, na ndimu inaikinga. Mwilini nako kuna chembe zinazochokoza seli, na vitu vinavyozituliza huitwa antioksidanti. Kokwa ya tende imejaa vitu hivyo, hasa vya jamii ya polifenoli. Watafiti walipopima tende za Oman za aina ya Mabseeli, Um-sellah na Shahal, walikuta miligramu 3,100 hadi 4,400 za polifenoli katika kila gramu 100 za kokwa. Nyama ya tende zile zile ilikuwa na 170 hadi 250 tu. Tunakula utamu, tunatupa sehemu iliyo tajiri zaidi.

Lakini kipimo cha maabara kinaeleza kilichomo ndani ya kokwa. Hakielezi kitakachotokea ndani ya damu ya mama. Tafiti nyingi juu ya kokwa na sukari zimefanywa kwa panya, na kwa binadamu majaribio ni machache na madogo. Hayatoshi kumwachisha mgonjwa dawa iliyothibitishwa.

Je, aache kunywa? Hapana, kama kliniki hawana pingamizi. Kinywaji hiki hakina kafeini, na Waarabu wamekinywa miaka mingi badala ya kahawa. Aoshe kokwa mpaka ule utando mwembamba utoke, azianike zikauke, azikaange kwa moto mdogo hadi ziwe kahawia na kunukia. Zikiwa nyeusi zimeungua, azitupe. Kisha atwange, achekeche, achemshe kijiko kimoja. Asitie sukari, wala asishushie kwa tende nyingi akidhani ni kitu kimoja: zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari.

Anywe mbali na chakula, walau saa moja, kwa sababu polifenoli, kama zile za chai ya rangi, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga na maharage. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu wazingatie zaidi. Kokwa nzima zisiachwe mikononi mwa watoto wadogo, huweza kuwakaba.

Siku ya kliniki, beba na lile kopo la unga, muuguzi alione. Usimnyang'anye mama kikombe chake. Kaa naye mnywe pamoja, na kando ya kikombe mwekee vidonge na glasi ya maji.