Sabuni na Sukari Havitoshi



Kila Kwaresima na Noeli tunatembelea makao ya wazee. Tunapeleka sabuni na sukari, tunaimba, tunapiga picha, tunaondoka. Ni jambo jema, tusilidharau. Lakini katika utume wangu wa Jumamosi nimeona kwamba mzee anaweza kushiba, akalala pasafi, na bado akavunjika moyo taratibu kwa sababu hakuna anayemhitaji.

Aristotle alifundisha kwamba hakuna mtu ambaye angechagua kuishi bila marafiki, hata akiwa na mema mengine yote. Sasa mfikirie mzee wetu: mwenzi wake amefariki, watu wa rika lake wamekwisha, watoto hawaji, hakuna tena anayemwomba ushauri. Hapo ndipo upweke unapouma.

Upweke ukidumu unaweza kuleta sonona. Na sonona ya wazee mara nyingi haina machozi. Unakuta anakataa chakula, halali vizuri, analalamika mwili unauma, hataki hata kukaa nje na wenzake. Sisi tunasema, "Ni uzee tu." Hapana jamani! Sonona ni ugonjwa na inatibika. Wala sio upungufu wa imani: mtunga Zaburi ya 71 alikuwa mtu wa sala, na bado alimlilia Mungu asimtupe uzeeni. Ukiona dalili hizo, mwambie sista au muuguzi, kisha endelea kumwombea.

Mtakatifu Jeanne Jugan, huko Ufaransa mwaka 1839, alianza na mtu mmoja: bibi kipofu, akampa kitanda chake mwenyewe. Nasi tuanze na mmoja.

Zoezi la mwezi huu:

1. Chagua mzee mmoja, ujue jina lake.
2. Rudi kumwona, hata mikono mitupu. Usiahidi siku ambayo hutakuja, yeye anahesabu.
3. Mwombe kitu. Akufundishe wimbo wa Kilatini wa enzi zake, au mwambie, "Babu, nina mtihani Jumatatu, niombee." Mzee aliyekabidhiwa nia ya sala ana sababu ya kuamka kesho. Na ukifaulu, rudi umwambie.

Tusali: Ee Bwana, utufundishe kukaa na wazee wetu bila haraka, nasi tupokee baraka ulizoweka mikononi mwao. Amina.