Kugeuza Uwanja wa Nyasi Kuwa Bustani ya Matuta

Katika somo hili twataka kunena habari ya uwanja ulio mbele ya nyumba, yaani ile nafasi iliyoota ukoka, ambayo wakati wa mvua hufyekwa mara kwa mara, na majani yake hukusanywa na kuchomwa moto. Hapa kwetu Chitete, wilayani Momba, nafasi za namna hii zaonekana penye nyumba za wainjilisti na za walimu, hata penye nyumba za wakulima. Neno letu ni hili: majani yale si takataka. Ndiyo mbolea ya kwanza ya bustani, na mtu akijua kuyafukia vema atapata tuta la mboga pasipo kununua kitu, ila mbegu kidogo.

Lakini yafaa kwanza tuseme sababu ya kujitaabisha hivi. Wengi hudhani ya kuwa njaa ni ghala tupu. Sivyo siku zote. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022, ilionekana ya kuwa watoto 30 hivi katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, maana yake kimo chao hakilingani na umri wao. Tena mikoa iliyozidi si ile ya ukame. Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa yenye mahindi mengi, hesabu yake ilifika nusu ya watoto au karibu na nusu. Ziko sababu nyingi za jambo hili, kama maradhi, maji machafu, na mama kukosa nafasi ya kumlisha mtoto. Hata hivyo mmojawapo wa mizizi yake ni huu: mtoto hushiba ugali, na kitoweo chake ni kidogo, tena ni kile kile kila siku. Mvua zikikoma mwezi wa Aprili au Mei, majani ya maboga na ya kunde hukauka shambani, na kutoka hapo mpaka Novemba mboga hupatikana kwa fedha. Asiye na fedha hula chumvi.

Basi tutazame jinsi wakulima wengine walivyofanya tangu zamani. Wamatengo wa Mbinga, huko Ruvuma, wana kilimo kiitwacho ngoro. Mvua zinapokaribia kwisha hufyeka majani, huyaacha yakauke, kisha huyapanga chini kwa mistari inayokatana, mfano wa wavu. Halafu huchimba udongo katikati ya kila jicho la wavu na kuyafunika yale majani. Hivyo mistari huwa matuta, na katikati hubaki mashimo yanayozuia maji ya mvua yasiteremke mlimani na kuchukua udongo. Juu ya matuta hupandwa maharagwe. Mahindi hufuata mvua za mwaka ule mwingine. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga, wanawake hufukia na kupanda. Wafipa wa Rukwa, jirani zetu, nao hufukia nyasi katika vilima vidogo, na Wamambwe walioko ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, wana desturi iyo hiyo, nao huiita fundikila. Kwa hiyo mtu asiseme ya kuwa matuta haya ni elimu ya Wazungu iliyoletwa vitabuni. Ni elimu ya nyumbani.

Kwa nini maharagwe hutangulia? Majani yakifukiwa, vijidudu visivyoonekana kwa macho huyala na kuyaozesha. Vijidudu hivyo huhitaji naitrojeni, na kwa muda huinyang'anya mimea. Ndiyo maana mchicha uliopandwa upesi juu ya majani yaliyofukiwa jana huwa wa manjano, tena mnyonge. Harage na kunde hazipati taabu hiyo sana, kwa kuwa katika vinundu vya mizizi yake wamo vijidudu wengine, nao hutwaa naitrojeni katika hewa. Wazee wa Umatengo hawakulijua jina la naitrojeni, lakini walijua ni mbegu ipi itangulie.

Sasa tuje kwenye ukoka wenyewe, maana huu si jani la kuchezewa. Nyasi za porini zikikatwa na kufukiwa, hufa. Ukoka una shina litambaalo chini ya ardhi, na kipande cha urefu wa kidole chatosha kuuzaa upya. Mtu akiupindua asubuhi na kuufukia jioni, baada ya mwezi atakuwa na tuta zuri la ukoka. Basi na aung'oe kwa jembe, aukung'ute udongo, auanike juani, mizizi juu, majuma mawili au matatu hata uvunjike mkononi kama kijiti. Ndipo aufukie. Tena achimbe mfereji mwembamba kuzunguka bustani, wenye kina cha shubiri moja, autazame kila juma, kwa maana ukoka uliobaki uwanjani utatambaa kurudi. Wako watu wanaofundisha kuyafunika majani kwa maboksi ya karatasi ngumu na kumwaga udongo juu yake, pasipo kulima. Njia hiyo ni njema penye maboksi. Hapa kwetu mchwa huyala kabla ukoka haujafa.

Tuta liwe na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati toka kila upande, wala mtu asilikanyage kamwe. Urefu wa mita 4 watosha. Udongo wa njia hutupwa juu ya tuta, hata liinuke shubiri moja, na ndani yake hutiwa samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Msijenge tuta karibu na ukuta wa nyumba. Udongo wenye maji ukiegemea matofali huyalainisha, na mchwa hupata njia. Acheni hatua mbili.

Tena msiugeuze uwanja wote. Uwanja kwetu si pambo tu. Ni mahali pa watoto kucheza, na siku ya msiba ndipo watu wanapoketi. Matuta mawili au matatu yanatosha kwa nyumba ya watu sita kuanzia.

Na hapa tunafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni maji. Tuta la mita 4 kwa mita 1, wakati wa jua kali, huhitaji kama lita 20 kila siku, yaani ndoo moja. Matuta matatu ni ndoo tatu. Nani atazichota? Mume akilima matuta sita kwa siku moja, na majirani wakamsifu, kisha akamwachia mkewe ndoo sita juu ya zile za kupikia na kufulia, hakumjengea bustani. Amemwongezea mzigo kichwani. Twawaambia wazi akina baba: kila mtu apime matuta yake kwa ndoo atakazochota yeye mwenyewe na vijana wake. Maji ya kuoshea mboga na nafaka yasimwagwe nje. Na juu ya udongo tandazeni majani makavu unene wa vidole vinne, ili jua lisiyanywe maji kabla ya mimea.

Wajue pia ya kuwa tuta lililoinuka ni la masika. Wakati huo maji hujaa, na mizizi huoza pasipo kuinuliwa. Kiangazi tuta hilo hukauka upesi kuliko uwanda. Mwezi wa Juni basi, literemsheni, au lifanyeni kama bakuli, kingo zake juu na kati yake chini, ili maji yasikimbie. Mwalimu wa kilimo anayefundisha namna moja kwa mwaka mzima hajachota maji Oktoba.

Mbegu zifuatane hivi: maharagwe au kunde kwanza mwezi wa Machi, na majani machanga ya kunde yachumwe kidogo kidogo. Baada ya mavuno pandeni mchicha, mnavu na matembele. Mchicha huchumwa baada ya majuma matatu au manne. Matembele hayahitaji mbegu, kipande cha shina chatosha. Mboga hizi zipikwe na karanga zilizopondwa au mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A iliyomo katika majani ya kijani haiingii mwilini vema pasipo mafuta.

Adui mkubwa ni kuku. Zungusheni ua wa matete au miiba kabla ya kupanda, wala si baada ya kuku kula. Na katika kila tuta la mchicha acheni mashina manne yaliyo bora yasichumwe, yachanue na kukauka. Mbegu zake zipukutwe juu ya nguo, zitiwe katika chupa kavu kwa mwaka unaofuata.