Ndoa Juu ya Ndoa: Kosa Huthibitishwaje Ndoa ya Pili Inapokanushwa?

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa mama anayefika kituo cha polisi cha mpakani akiwa na hati yake ya ndoa ya kanisani mkononi. Ameambiwa kwamba mumewe amefunga ndoa na mwanamke mwingine kwa msajili. Mume akiitwa hakatai kuwa sherehe ilifanyika, bali hujibu hivi: "Ndoa ile ni batili, kwa kuwa nina mke. Basi sijaoa mara mbili." Je, hoja hiyo yamwokoa?

Jibu ni la. Kanuni ya Adhabu ya Uganda, kama ile ya Kenya, haidai kwamba ndoa ya pili iwe halali. Husema kwamba mtu mwenye mume au mke aliye hai, akipitia sherehe ya ndoa iliyo batili kwa sababu ya kufungwa wakati mwenzi huyo yu hai, ametenda kosa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Kama uhalali ungehitajika, hakuna ambaye angetiwa hatiani kamwe, kwani ndoa ya pili haiwezi kuwa halali.

Hoja hii ni ya zamani. Mwaka 1872, katika kesi ya Allen huko Uingereza, mshtakiwa alikuwa na mke, akafunga ndoa na mpwa wa marehemu mkewe wa kwanza. Alidai kwamba sheria ya siku zile ilikataza ndoa ya namna hiyo, hivyo hakuwa ameoa. Majaji waliikataa hoja yake, wakaamua kwamba kinachoadhibiwa ni kupitia sherehe ya ndoa inayotambuliwa na sheria.

Hata hivyo, mshtaki hubeba mzigo wa kuthibitisha mambo manne pasipo shaka ya maana.

Kwanza, ndoa ya awali ilikuwa halali, ya mke mmoja, na haijavunjwa na mahakama. Kutengana kwa miaka mingi si talaka.

Pili, mwenzi wa kwanza alikuwa hai siku ya sherehe ya pili.

Tatu, sherehe ya pili ilifanyika kweli, kwa namna ambayo sheria huitambua kuwa njia ya kufunga ndoa. Kuishi pamoja kinyumba, kuzaa watoto au kuvishana pete kwenye karamu hakutoshi.

Nne, mshtakiwa ndiye hasa aliyesimama katika sherehe zote mbili.

Kwa hiyo, tunza hati ya ndoa, au uombe nakala iliyothibitishwa kwa msajili. Andika tarehe na mahali pa sherehe ya pili, jina la aliyeifungisha, na mashahidi waliokuwapo. Picha na kadi za mwaliko husaidia, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya shahidi aliyeona.

Wapo wasio na hatia. Aliyetangaziwa na mahakama kwamba ndoa yake ya kwanza ni batili hana kosa. Vivyo hivyo yule ambaye mwenzi wake ametoweka mfululizo kwa miaka 7 bila kusikika kwamba yu hai. Aidha, ndoa za kimila na za Kiislamu huruhusu mume kuwa na mke zaidi ya mmoja. Kwa hiyo mume aliyeoa kimila akiongeza mke kimila hashtakiwi kwa kosa hili. Lakini Sheria ya Ndoa ya Uganda humkataza mwenye mke wa kimila kufunga ndoa ya kanisani au ya serikali na mwanamke mwingine, na humkataza aliyefunga ndoa hiyo kuongeza mke kimila.

Kwetu mpakani kuna jambo la ziada. Ikiwa sherehe ya pili ilifanyika ng'ambo, ripoti ipelekwe kwa polisi wa huko, kwa maana kosa limetendeka katika nchi yao. Chukua nakala iliyothibitishwa ya hati ya ndoa ya kwanza.

Kinga ni bora kuliko tiba. Nchini Uganda, msajili hutoa cheti cha kuruhusu ndoa baada ya siku 21 tangu tangazo kupokelewa, na mwenye pingamizi aweza kulifikisha kabla ya hapo. Ewe mzazi unayemwoza binti, usione haya kuuliza nyumbani kwa mchumba, hata kama ni ng'ambo. Binti asiyejua kwamba bwana ana mke hana kosa, lakini ndiye atakayebaki na watoto na hati isiyo na nguvu.

Mwenye shaka na afike kituoni mapema. Swali lililoulizwa kabla ya harusi huokoa nyumba mbili.